Elfu kumi kila siku mbili kwa ajili ya AC, na mume bado analala na blanketi

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie kabla sijarudi kwetu kwa sababu ya rimoti.

Mimi na mume wangu tulihamia nyumba yetu wenyewe huku Kinyerezi mwaka juzi. Tulijibana mno kuijenga, mpaka tukauza gari. Ina vyumba vitatu, ni ya kisasa, ya haya mapaa ya kufichwa ambayo ukisimama barabarani huoni bati, unaona ukuta tu umekwenda juu. Madirisha ni ya alumini ya kusukuma, dari ni jipsamu na taa za urembo. Wageni wakija wanasifia. Lakini Shangazi, kuanzia Desemba mpaka Machi humo ndani hakukaliki. Mchana tunajikalia kibarazani, usiku ndiyo balaa. Saa tatu usiku nje kuna kaupepo kazuri, ukiingia chumbani kwetu unatokwa jasho umekaa tu hufanyi lolote.

Mwaka jana tulipopata mtoto, akatoka vipele vya joto shingoni na mgongoni. Baba yake akaona huruma, akaenda kununua AC mtumba ya BTU 18,000 (hiyo BTU ndiyo kipimo cha nguvu yake ya kupooza), ikafungwa chumbani kwetu. Chumba chenyewe ni mita nne kwa nne. Siku ile tulifurahi sana. Sasa ndiyo chanzo cha ugomvi.

Kabla ya AC, umeme wa elfu thelathini ulikuwa unatufikisha mwisho wa mwezi, na tuna friji, TV, pasi na mapangaboi. Sasa hivi naweka elfu kumi, siku mbili LUKU inalia. Na mchana hatuiwashi kabisa! Ni saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu anaiweka nyuzi 16. Nikimwambia apandishe, anasema 16 ndiyo inapooza haraka, ukipandisha inakula umeme bure. Halafu, Shangazi, usicheke: akishaiweka 16 anajifunika blanketi zito, lile tulilopewa na mama yake kutoka Makambako kwenye baridi. Mimi na mtoto tunatetemeka. Juzi niliizima usiku kimyakimya, akaamka amelowa, hatukusemeshana kutwa nzima. Kwa sasa nalala sebuleni na mtoto, godoro chini ya pangaboi, na dada wa kazi ameanza kuniangalia kwa jicho la kuuliza.

Kingine, kila baada ya miezi michache AC inapunguza ubaridi. Fundi anakuja, anasema gesi imeisha, anajaza, analipwa, anaondoka.

Dada yangu anaishi Dodoma, ana ile feni ya maji, unatia maji na vipande vya barafu. Nilipokwenda kwake Oktoba ilikuwa inapooza sebule vizuri kabisa na anasema haili umeme. Nataka kuuza AC ninunue hiyo. Shemeji yangu naye anasema tupake bati rangi nyeupe, kwa sababu sasa lina rangi ya mkaa. Mume wangu amekataa katakata, eti hakujenga ghala.

Niuze AC? Na huyu baba nimwambieje anielewe?

Mama Mtoto, Kinyerezi, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu. Kwenye blanketi nimecheka, unisamehe, ila si kumcheka mumeo peke yake. Dar es Salaam imejaa watu wanaolipia baridi ya Makambako kwa umeme, kisha wanaikimbia baridi hiyohiyo ndani ya blanketi. Ugomvi wa aina hii hauishi kwa maneno, unaishia kwenye hesabu. Basi tuanze na hesabu, maana kwenye barua yako umenipa tarakimu zote ninazohitaji.

Kwa bei ya wateja wa kawaida wa nyumbani, lile kundi la T1, elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, tukiacha kodi ya jengo inayokatwa mara moja kwa mwezi. Kila uniti inakugharimu kama shilingi 356 ukijumlisha kodi zake. Zamani elfu thelathini ilikuwa uniti 84 kwa mwezi, yaani hata tatu kwa siku hazifiki. Sasa uniti 28 zinaisha kwa siku mbili, ambayo ni 14 kwa siku. Toa zile tatu za friji na mengineyo, zinabaki 11. Hizo ndizo AC inazokula kila usiku.

Sasa angalia hapa. AC ya zamani ya BTU 18,000 huvuta kama kilowati moja na nusu au zaidi kidogo pale kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, inapofanya kazi. Zidisha kwa saa saba mnazoiwasha. Unapata 11 zilezile. Maana yake kompresa yenu haipumziki hata dakika moja usiku kucha. AC nzima katika chumba cha mita nne kwa nne inatakiwa ifike kiwango ulichoiambia, inyamaze, iwake tena baada ya muda. Yenu inahangaika usiku kucha kuifuata hiyo 16 na haiifikii. Shilingi elfu nne kwa usiku, laki na ishirini kwa mwezi. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa hizohizo saba linakula nusu uniti, haifiki shilingi 180.

(Kwa wasomaji walio kwenye D1, wale wanaopata uniti 75 kwa shilingi 9,150: AC kama hii ingezimaliza zote kwa wiki moja, na kila uniti inayozidi 75 ndani ya mwezi inatozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Kabla hamjanunua AC ya kuringia majirani, liwazeni hilo.)

Kwa hiyo swali la kwanza si uuze AC au usiuze. Swali ni joto hilo la saa tatu usiku linatoka wapi, wakati jua limekwishazama na wewe mwenyewe unasema nje kuna upepo mzuri.

Leo usiku, saa mbili hivi, fanya hivi. Panda kwenye stuli, weka kiganja kwenye jipsamu ya chumbani kwenu. Kisha shuka, ushike ukuta wa magharibi kwa ndani. Nina hakika dari itakuwa ya moto kuliko mkono wako, na ukuta nao hautakuwa mbali. Hapo ndipo joto lilipo. Jua limelipiga bati mchana kutwa, bati limeichemsha hewa iliyonaswa kati yake na dari, dari imepata moto, na sasa inawamwagia joto nyinyi mliolala chini yake. AC inaitoa hewa ya moto chumbani huku dari inaleta nyingine. Ni kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka, na ndoo yenyewe mmeikodi TANESCO.

Hapa kwetu pwani paa ndilo lenye kesi kubwa. Watu wa Ulaya hubishana kuhusu madirisha yanayotazama kusini. Sisi tuko karibu na Ikweta. Dar es Salaam iko kama nyuzi saba kusini yake, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi jua la saa sita linapita utosini kabisa, na tena Oktoba. Miezi yote ya joto haliko mbali na hapo. Kuta za kaskazini na kusini zinapata jua la kubabaisha, za mashariki na magharibi zinapata asubuhi na jioni, lakini bati linapata kuanzia saa mbili mpaka saa kumi bila kivuli. Halafu mkachagua rangi ya mkaa. Rangi nzito hunyonya sehemu kubwa ya jua linaloipiga. Rangi nyeupe ikiwa mpya na safi hurudisha zaidi ya theluthi mbili angani. Tofauti hiyo huhitaji kipimo kuijua, watoto wanaocheza peku juu ya magari yaliyoegeshwa juani wanaijua.

Na mapaa haya ya kufichwa, mwanangu, ni mazuri kwa picha. Paa la zamani lililoinuka lilikuwa na nafasi kubwa juu ya dari, hewa ikapenya kwenye mapengo ya pembeni na kutokea kileleni. La kwenu limelala karibu na dari na limezungushiwa ukuta pande zote, upepo hauna pa kuingilia. Joto likishaingia mle linakaa mpaka usiku wa manane. Sisemi mbomoe. Ila mafundi wanaochora nyumba hizi wangeambiwa walale humo mwezi wa pili kabla ya kukabidhi ramani, tungeona mabadiliko.

Shemeji yako yuko sahihi. Pakeni bati nyeupe. Na hoja ya mumeo kuhusu ghala inajibika kwa sentensi moja: paa lenu limefichwa. Umeniandikia mwenyewe kwamba ukisimama barabarani huoni bati. Nani ataiona hiyo rangi zaidi ya kunguru? Sura ya nyumba inabaki ileile aliyoichagua na anayoionea fahari, na ana haki ya kuionea fahari.

Namna ya kufanya. Bati lioshwe kwa brashi na sabuni, vumbi lote litoke, lisuuzwe, likauke vizuri. Palipoanza kutu pasuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza. Kisha rangi nyeupe ya kupaka bati, ile ya nje inayohimili jua na mvua, mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili. Msidanganyike na rangi ya ukutani kwa kuwa ni rahisi, itabanduka kabla mwaka haujaisha. Kwa nyumba ya vyumba vitatu fundi apime, ila msishangae akiwaambia ndoo mbili au tatu za lita 20. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, palipo na mbao chini, si katikati ya bati. Kama mnavuna maji ya mvua ya kunywa kutoka kwenye hilo paa, muulizeni muuzaji kama rangi yake inafaa kwa maji hayo, na mvua za kwanza mzimwage. Kila mwaka kabla ya joto, lioshwe tena, kwa sababu vumbi la Kinyerezi likiganda juu yake weupe unakwisha kazi.

Wakiwa huko juu, watoboe matundu kwenye ule ukuta unaoficha paa, upande wa kaskazini mashariki na upande unaoutazama, usawa wa ile nafasi iliyo juu ya dari na kamwe si chini ya mfereji wa maji. Kuanzia Desemba mpaka Machi upepo wetu ni kaskazi, unatoka huko. Uingie upande mmoja, utoke mwingine. Matundu yawekwe wavu mgumu, la sivyo mtafuga popo, na harufu ya popo juu ya jipsamu sitaki hata kuizungumzia. Pesa ikibaki, ile karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto inaweza kufungwa chini ya mbao za paa, uso wa kung'aa ukitazama chini, iachwe nafasi ya hewa kati yake na dari. Watu huitandaza juu ya jipsamu kwa sababu ni rahisi, vumbi linaifunika, inakuwa karatasi tu.

Ukuta wa magharibi nao ushughulikiwe. Tofali za saruji hunywa jua la alasiri na kulitapika saa kadhaa baadaye, ndiyo maana chumba kinazidi kuwaka pale mnapotaka kulala. Dawa ni kivuli kwa nje. Pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, linalinasa jua likiwa limekwishapita kioo, yaani limekwishaingia nyumbani. Wekeni kivuli nje: neti nyeusi au ya kijani ya vitalu vya mboga, ifungwe kwenye nguzo nusu mita kutoka ukutani, au mmea wa pasheni utambae juu ya waya. Migomba ikipandwa pale maji ya kuogea yanapotokea, ndani ya mwaka mmoja ina majani ya kukinga dirisha. Mti mkubwa kama mkungu au mwarobaini ni mzuri zaidi, lakini uwe mbali na msingi na shimo la maji taka. Aliyepanga na hawezi kugusa paa la mwenye nyumba, hii ya kivuli cha nje ndiyo yake: hata turubai au mkeka mkuukuu unaoning'inia nje ya dirisha la magharibi kuanzia saa nane mchana unasaidia.

Kuhusu madirisha ya kusukuma: yanafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kilichoegama juu ya kioo. Mkishapunguza joto la dari, mengi yatategemea upepo. Jioni jua likizama, fungueni ya kaskazini mashariki na ya upande wa pili kwa pamoja, milango ya ndani iwe wazi, pangaboi lizunguke, nyumba ivute hewa ya nje kuanzia saa moja mpaka saa nne. Mchana wa saa tano mpaka saa kumi fanyeni kinyume, fungeni upande unaopigwa na jua. Wavu wa mbu wa dirishani uoshwe, vumbi linaziba upepo kuliko watu wanavyodhani. Chandarua kibaki, msije mkatafuta upepo mkapata malaria. Kile cha pembe nne kinapitisha hewa vizuri kuliko cha kengele, na feni ya kusimama ikiwekwa karibu na kitanda inapenya neti kuliko pangaboi la juu.

Haya, tuje kwenye 16.

AC yenu ni mtumba wa zamani, kwa vyovyote si inveta, zile zinazoweza kupunguza mwendo. Kompresa yake inajua mambo mawili, kuwaka na kuzima. Inapowaka inapooza kwa nguvu ileile, uandike 16 au 25. Tarakimu ya rimoti haiiambii iende mbio, inaiambia isimame wapi. Ukiandika 16 umeiambia isisimame. Chumba kitapita 25, kitapita 23, nyinyi mtaanza kutetemeka, naye atavuta blanketi, na kompresa bado inaendelea kwa sababu 16 haijafika na kwa hali ya dari yenu haitafika. India walilitazama suala hili kwa uzito kiasi kwamba tangu Januari 2020 AC za vyumbani zenye nyota za ubora wa umeme zinatakiwa zitoke kiwandani zikiwa zimewekwa 24. Japani tangu 2005 serikali imekuwa ikizihimiza ofisi zisipooze chini ya 28 wakati wa kiangazi, wafanyakazi wavue tai. Hao ni watu wenye pesa kutuzidi.

Ninyi wekeni 26 na pangaboi lizunguke polepole. Pangaboi halipoozi chumba, linapooza ngozi ya aliyemo, ndiyo maana likizunguka 26 inahisiwa chini ya hapo, na ndiyo maana kuliacha likizunguka chumba kitupu ni kuchoma uniti. Bado kuna kitufe cha saa kwenye rimoti: AC izime yenyewe saa tisa usiku. Alfajiri ya pwani ndiyo saa ya ubaridi wetu, hata Februari, na pangaboi linatosha kuwafikisha asubuhi. Pengo la chini ya mlango lizibwe kwa kitambaa, na tazama kama dirisha la alumini linafunga sawasawa, hayo ya kusukuma huacha mwanya katikati.

Huyu fundi wenu wa gesi simuelewi, au niseme namuelewa sana. Gesi ya AC si ya jikoni. Haiungui, haitumiki, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda rudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, basi. Fundi anayejaza bila kutafuta pa kuvuja anajipangia safari ijayo. Siku nyingine mwambie apake povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, hasa zile nati za shaba kwenye boksi la nje, tuone linapotoa mapovu. Arekebishe, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze kwa kupima. Tena muulize ni gesi gani. Nyingi za mtumba za zamani hutumia R22, ambayo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. Itaendelea kuadimika na bei kupanda. AC yenye gesi pungufu ndiyo hiyo inayowaka usiku kucha bila kufika popote, kwa hiyo sehemu ya laki na ishirini yenu inatokea hapo.

Kabla ya kumwita, lakini, fungua kifuniko cha mbele utoe chujio. Kama hamjawahi kuliosha utakuta blanketi la pili. Maji, sabuni kidogo, likauke kivulini, kila baada ya wiki mbili tatu kipindi cha joto. Hiyo haina malipo.

Feni ya maji ya dadako usiinunue. Ninajua inakutia tamaa na dada yako hakudanganyi, ila Dodoma si Dar es Salaam. Ile mashine inapooza kwa kukausha maji: hewa kavu inapita kwenye pamba iliyolowa, maji yanageuka mvuke, hewa inapoa. Oktoba Dodoma hewa ni kavu, mvua hazijaanza, inafanya kazi vizuri mno. Dar mwezi wa pili hewa imekwishashiba maji ya Bahari ya Hindi, haina nafasi ya kupokea mengine. Utapata upepo wa feni pamoja na unyevu wa ziada chumbani, jasho halitakauka, magodoro yatanuka, kuta zitaota ukungu. Hata barafu unayoitia, friji lako ndilo limeigandisha kwa umeme uleule, na friji limemwaga joto lake jikoni. Kama una pesa hiyo mkononi, nunua rangi ya bati.

AC msiiuze sasa, hamtapata bei, na mtoto bado mdogo. Paa likitulia, mwakani mnaweza kuitoa na kuweka inveta ndogo. Chumba cha mita nne kwa nne kinatoshwa na BTU 12,000, na chini ya paa jeupe hata 9,000 inaweza kutosha. Inveta hupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima, ikiwa 26 mara nyingi inafika asubuhi kwa uniti chache mno kuliko 11 zenu. Kununua inveta kabla ya kushughulikia bati itakuwa kupoteza pesa mara ya pili.

Kuhusu mtoto: asilale kwenye mkondo wa feni wala wa AC, avae pamba nyepesi, aogeshwe maji ya uvuguvugu jioni na akaushwe vizuri kwenye mikunjo. Poda msimjaze, inaziba vinyweleo. Vipele vikitoa usaha au akipata homa, zahanati.

Na mumeo. Kwanza acha kuizima usiku bila kumwambia. Mtu aliyeamshwa na jasho hasikilizi hoja. Huyu bwana aliona mwanawe anaumia akatoka kwenda kutafuta AC, anza na hilo unapozungumza naye, na mzungumze mchana, si kitandani. Usimpelekee maneno yangu, mpelekee LUKU. Andikeni pamoja uniti zilizobaki mnapopanda kitandani, AC ikiwa 16 kama anavyopenda, na mzisome tena mnapoamka. Usiku unaofuata rudieni, iwe 26, pangaboi likizunguka, chujio likiwa limeoshwa, na izime saa tisa. Toeni tofauti wenyewe, mzidishe kwa 356. Friji linakula kiasi kilekile usiku zote mbili, halitawapotosha. Mwanamume aliyeuza gari ili ajenge nyumba anajua thamani ya elfu nne, hana haja ya kuhubiriwa.

Akibisha kwamba kwa 26 hakulaliki, usimpinge. Kwa dari mliyonayo leo huenda anasema kweli, maana ngozi yake inapokea joto la jipsamu hata hewa ikiwa imepoa. Hapo ndipo umpandishe kwenye stuli naye aguse dari. Kisha umwambie habari ya kunguru.

Wewe na mtoto rudini chumbani wiki hii. Panganeni 24 iwe ya makubaliano mpaka paa lipakwe, halafu mkapande taratibu kwenda 26. Upande wa kitanda ulio mbali na mkondo wa AC ni wenu wawili, blanketi libaki upande wake kama analipenda.

Tafuteni fundi wa rangi sasa. Masika huingia katikati ya Machi, na bati likishaanza kulowa kila siku rangi haitashika mpaka Juni.